Injini ya Kubadilisha kwa HiAce ya Kambi: Kwa Nini 5L Inafaa Zaidi Nyanda za Juu Kusini

Kwa mwenye HiAce ya kizazi cha H100 iliyogeuzwa kuwa gari la kambi, ambaye injini yake ya 2L au 3L (haya, kama 5L, ni majina ya injini za dizeli za Toyota, si idadi ya lita) imechoka na ambaye safari zake nyingi ni za Mbeya, Njombe, Makete na Iringa, injini ninayompendekezea ni 5L iliyokaguliwa kwa makini, ikifungwa pamoja na rejeta safi na pampu ya dizeli iliyopimwa upya. Siipendekezi kwa sababu ya nguvu, maana ipo injini nyingine ya Toyota inayoingia katika gari hilohilo na kuiacha mbali mlimani. Naipendekeza kwa sababu inakaa mahali pa injini ya zamani bila kudai mabadiliko makubwa, inavumilia mazingira ya huku, na ikileta shida Matamba au Bulongwa, fundi wa palepale anaweza kuielewa kwa spana na masikio yake. Nimeifunga katika gari letu la familia badala ya 3L iliyokuwa ikila oili, nikaiendesha milimani wakati wa mvua na wakati wa baridi, na haya ndiyo ninayoweza kumweleza mtu anayetaka kuingia katika gharama hiyo.

Gari lenyewe ni HiAce ndefu yenye paa lililoinuliwa. Ndani kuna kitanda cha kukunja, kabati, jiko la gesi la plati mbili, tangi la maji na betri ya pili kwa ajili ya taa na friji ndogo. Ukijumlisha mbao, maji, mtungi wa gesi na watu wanne, uzito unakaribia tani mbili na nusu, na uzito huo haushuki kituoni kama abiria wa daladala. Unaupandisha kila mlima na kuuteremsha kila mteremko. Jambo la pili la kukumbuka kuhusu HiAce hii ni kwamba injini imekaa chini ya viti vya mbele, kiasi kwamba ili kupima oili unainua kiti cha abiria. Nafasi ya hewa kuizunguka ni ndogo, na joto likizidi unalisikia mapajani kabla hata mshale wa joto haujaanza kusogea. Mtu anayechagua injini ya gari la namna hii kwa kuangalia nguvu za farasi peke yake ameacha nje mambo mawili yanayoua injini nyingi zaidi huku kwetu, yaani joto na mwinuko.

Mwinuko unastahili maelezo, kwa sababu ndio unaotutofautisha na mwenye gari kama hili anayeishi Tanga au Bagamoyo. Jiji la Mbeya liko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Njombe inakaribia mita 2,000, barabara ya Mbeya kwenda Chunya inapita juu ya mita 2,400, na uwanda wa Kitulo uko kwenye mita 2,600 hivi. Injini ya dizeli isiyo na tabo, yaani kifaa cha kuisukumia hewa ya ziada, huvuta hewa iliyopo nje, na kadiri unavyopanda hewa hiyo huwa nyepesi. Makisio yanayokubalika ni kwamba injini ya namna hiyo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu zake kwa kila mita 1,000. Kwa hiyo 2L ya sentimita za ujazo 2,446, ambayo katika katalogi ina nguvu za farasi 85 hivi, ikifika Kitulo inabaki na zisizozidi 65. 3L ya sentimita 2,779, yenye nguvu 91 katika katalogi, inabaki na chini ya 70. Na 5L ya sentimita 2,986, yenye nguvu zinazokaribia 100, inabaki na zaidi kidogo ya 70. Katalogi imepimwa kwa hewa ya usawa wa bahari. Sisi tunaendesha gari katika hewa nyingine, na ni hesabu ya hewa hiyo inayopaswa kumwongoza mnunuzi.

Msomaji makini ataona kwamba tofauti kati ya 3L na 5L kwa hesabu hizo si kubwa, na ni kweli. Injini hizi ni ndugu. Zote zina pistoni zinazotembea milimita 96, ila silinda ya 3L ina kipenyo cha milimita 96 na ya 5L ina milimita 99.5, zote hupuliza dizeli katika chumba kidogo cha pembeni badala ya juu ya pistoni moja kwa moja, zote zina mkanda wa taimingi na pampu ya kimakanika isiyohitaji kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini. Aliyebahatika kupata 3L nzuri kweli kweli hana haja ya kuihangaikia 5L. Sababu yangu ya kuiweka 5L mbele ni kwamba ilianza kutengenezwa baadaye, kwa hiyo zile zinazofika madukani kama mtumba kutoka nje kwa kawaida hazijazeeka kama 3L, na nyongeza ile ndogo ya mvuto katika mizunguko ya chini unaihisi hasa pale ambapo gari zito limelazimika kupunguza mwendo nyuma ya lori na kuanza kuvuta upya. Pia inafungika kwenye gia boksi ya 3L. Katika gari letu gia boksi na propela vilibaki vilevile, jambo lililopunguza gharama kuliko jambo lingine lolote.

Kuhusu 2L yenye tabo, yaani 2L-T na 2L-TE, ushauri wangu ni mfupi: iache hata ukipewa kwa bei ya kutupa. Injini hizo zinajulikana kwa kupasuka silinda hedi, yaani kifuniko cha juu cha silinda, na badiliko la joto tunalolipata kati ya Matema, ambako ziwa liko chini ya mita 500, na Isongole juu ya Tukuyu ndio mtihani mbaya kabisa kwa hedi dhaifu. Vilevile wapo mafundi wanaojitolea kuongeza tabo kwenye 3L au 5L ili kuipa pumzi mlimani. Kazi hiyo inawezekana, na gari huwa jepesi kwelikweli katika wiki za mwanzo, lakini injini hizo hazikuundwa kubeba joto la ziada linaloletwa na tabo, na katika gari ambalo injini imebanwa chini ya viti, joto hilo halina pa kwenda. Kwa daladala ya mjini labda, kwa gari la kambi linalopanda mlima kwa saa nzima likiwa limejaa, hapana.

Mshindani wa kweli ni 1KZ-TE, ile ya HiAce Super Custom. Hii ni injini ya sentimita za ujazo 2,982 yenye tabo, nguvu za farasi 130 na kuendelea, na mvuto wa takriban nyutoni-mita 290 katika mizunguko 2,000 tu, wakati 5L ina 190 na kitu. Tabo inaisaidia kufidia hewa nyepesi, kwa hiyo kadiri unavyopanda ndivyo inavyozidi kuiacha 5L. Nimewahi kuendesha Super Custom ya rafiki kutoka Uyole hadi Isongole na sikuhitaji kushuka chini ya gia ya tatu mahali ambapo gari letu linaomba ya pili. Siwezi kusema neno baya juu ya namna inavyovuta.

Lakini kuihamishia 1KZ-TE kwenye gari ambalo halikuzaliwa nayo ni kazi ya namna nyingine. Pampu yake inaongozwa na umeme, kwa hiyo inakuja na kontroli boksi, sensa na waya nyingi, na kila waya uliokatwa ovyo wakati wa kuichomoa kwenye gari la mwanzo utakutafuta siku moja barabarani. Ni salama zaidi kuinunua pamoja na gia boksi yake, na hapo huenda ukalazimika kurekebisha propela na maunti. Rejeta ya gari la 2L haiitoshi. Hedi yake ni ya aluminiamu na haisamehe hata mara moja mshale wa joto ukipita mahali pake. Kwa bei nilizotajiwa, 1KZ-TE kamili na vifaa vyake ilikaribia mara mbili ya 5L, kabla ya kumlipa fundi umeme. Mtu mwenye fedha hizo, mwenye fundi umeme anayemwamini, na ambaye anakwenda Kitulo mara nyingi kuliko anavyokwenda sokoni, aichukue kwa moyo mweupe, ila anunue pia rejeta kubwa siku hiyohiyo na asisubiri hadi gari lichemke.

Injini za dizeli za kisasa zaidi, kama 1KD-FTV ya HiAce zilizoanza mwaka 2004, sizipendekezi kwa gari la H100. Nozeli zake za kupulizia dizeli hufanya kazi kwa shinikizo la zaidi ya bar 1,000, wakati zile za 5L hufunguka kwa chini ya bar 200, na tofauti hiyo ina maana kwamba dizeli chafu ya kwenye madumu, ambayo msafiri wa kambi hulazimika kuinunua siku moja moja vijijini, itamgharimu nozeli za bei kubwa. Injini za petroli kama 2RZ zinawaka vizuri asubuhi za baridi na ni tulivu, ila zinakunywa zaidi mlimani, na kubadilisha gari la dizeli kuwa la petroli kunadai kugusa tangi na mabomba ya mafuta chini ya sakafu ambayo juu yake kuna jiko la gesi na watoto waliolala.

Sasa kuhusu ununuzi wenyewe, mahali ambapo injini nzuri na mbovu hufanana kabisa kwa nje. Mnunuzi wa Mbeya ana njia mbili: kutafuta katika maduka ya spea ya mjini, kama yale ya Mwanjelwa, au kuagiza Dar es Salaam ambako chaguo ni kubwa zaidi na kisha kulipia usafiri wa lori. Nilizunguka njia zote mbili. Nilichokigundua ni kwamba wauzaji wengi hutoa dhamana ya kuwaka, yaani injini ikiwashwa ikanguruma basi wajibu wao umekwisha. Muuzaji mmoja alipoombwa aruhusu injini ipimwe mgandamizo, yaani uwezo wa silinda kubana hewa, kabla ya malipo alikataa katakata, na jibu hilo lilinitosha kuondoka. Muuzaji anayeijua injini yake hana sababu ya kuogopa geji.

Ukaguzi uliotuokoa haukuhitaji mashine. Fundi wetu, mtu mzima wa Uyole aliyezifungua injini hizi tangu ujana wake, alifungua kwanza nyumba ya thamostati, ile valvu inayodhibiti mzunguko wa maji ya kupozea, akaingiza kidole katika njia ya maji na kukizungusha taratibu. Katika injini ya kwanza kidole kilitoka na tope la rangi ya matofali, zito, lenye punje za kutu. Alilipangusa kwenye kipande cha gazeti, akanionyesha na kusema, "Kaka, hii imenyweshwa maji ya bomba maisha yake yote, humo ndani njia zimeziba." Katika injini tuliyoichukua hatimaye kidole kilitoka na ukungu mwembamba wa kijani, mabaki ya kulanti (dawa ya maji ya rejeta) iliyokauka, na chuma chini yake kilikuwa cheusi na laini. Baada ya hapo alifungua kifuniko cha oili kutafuta utando mweupe kama maziwa, ambao ni dalili ya maji kuingia kwenye oili, kisha akashika puli ya krenki kwa mikono miwili na kuivuta mbele na nyuma kusikiliza kama inacheza. Alisoma alama kwenye bloku kuhakikisha ni 5L kweli na kwamba namba ya injini haijasagwa. Injini iliyosagwa namba usiiguse, hata iwe nzuri namna gani, kwa sababu nitakazozieleza mwishoni.

Ndipo tukaja kwenye mgandamizo, na hapa pana jambo ambalo sijaona likisemwa vya kutosha kwa wakazi wa nyanda za juu. Kwa injini hizi, silinda iliyo nzima husoma katika bar 30 hivi, kiwango cha chini kinachovumilika ni bar 20, na tofauti kati ya silinda moja na nyingine isizidi bar 5. Viwango hivyo vimewekwa kwa hewa ya usawa wa bahari. Mbeya mjini kanieneo ya hewa ni kama sehemu nne kati ya tano za ile ya Dar es Salaam, kwa hiyo silinda ambayo ingesoma 30 pwani itasoma 24 au 25 hapa, bila kuwa na ubovu wowote. Mnunuzi asiyejua hilo anaweza kuikataa injini nzuri iliyopimwa Mbeya, au, vibaya zaidi, kuipokea injini iliyosoma 24 Dar es Salaam akidhani bado iko mbali na hatari. Mimi huzingatia zaidi ulingano: silinda nne zinazosoma karibu sawa zinanipa imani kuliko silinda moja yenye namba kubwa na jirani yake aliyechoka. Upimaji ufanyike injini ikiwa imepata joto, hita plagi zote (zile zinazopasha silinda moto kabla ya kuwasha) zikiwa zimetolewa, na betri ikiwa na nguvu, la sivyo namba zitakazopatikana hazina maana.

Kabla injini haijapandishwa kwenye gari, badilisha vitu ambavyo baadaye vitadai kuishusha tena au kulala chini ya gari kwa siku nzima. Mkanda wa taimingi na kibana mkanda chake ni lazima, bila kujali muuzaji anasema nini kuhusu kilomita zake. Toyota huweka ukomo wa kilomita 100,000, na mkanda ukikatika valvu hugongana na pistoni. Pampu ya maji, oili sili ya mbele na ya nyuma, na sahani ya klachi ziingie katika bajeti hiyohiyo. Sisi tulibadilisha pia hita plagi zote nne, kwa kuhakikisha kwanza volti zake zinalingana na mfumo wa gari, maana injini hizi zimetoka na hita plagi za volti tofauti na zikichanganywa ama haziwashi ama zinaungua. Asubuhi ya Juni au Julai huko Makete, nyasi zikiwa zimeganda jalidi, injini yenye hita plagi mbili zilizokufa itakuachia betri iliyokwisha na moshi mweupe tu.

Kuna kifaa kimoja ambacho napenda kila mwenye gari la namna hii akijue kwa sababu kinahusu uhai. Katika injini za dizeli za familia ya L, vakyumu, yaani mvuto wa ombwe, inayoendesha busta inayolainisha kanyagio la breki hutengenezwa na pampu ndogo iliyofungwa nyuma ya alteneta. Injini nyingi za mtumba huuzwa bila alteneta, na mtu akifunga alteneta yoyote inayotoshea, taa zitawaka na betri itachaji, lakini kanyagio la breki litakuwa gumu kama jiwe. Hitilafu hiyo inaweza isionekane wazi katika mzunguko wa taratibu mjini. Itaonekana kwenye mteremko mkali wa Kitonga. Kwa hiyo unapopokea injini, kagua alteneta upande wa nyuma, hakikisha pampu ipo na bomba lake la oili halivuji, na mkanda wa alteneta ubadilishwe kila unapoonyesha nyufa.

Kuhusu kupoza, mafundi wengi wana mazoea ya kutoa thamostati na kuitupa wakiamini kwamba maji yakizunguka bila kizuizi injini haitachemka. Kwa nyanda za juu mazoea haya yana madhara mara mbili. Asubuhi injini inachukua muda mrefu mno kufikia joto la kazi, ambalo ni kati ya nyuzi 80 na 90, na kwa muda wote huo dizeli haiungui vizuri na oili inabaki nzito. Kisha mlimani maji yanapita kwenye rejeta kwa kasi isiyodhibitiwa, na joto linayumba. Nilisisitiza thamostati mpya ifungwe, na kwa heshima fundi alikubali. Jambo lingine ni kifuniko cha rejeta. Katika mwinuko wa Kitulo maji ya wazi huchemka katika nyuzi 91 hivi, na ni shinikizo la kifuniko hicho kidogo pekee linaloyazuia yasichemke ndani ya injini inayofanya kazi katika joto karibu na hilo. Kifuniko kilicholegea kinaweza kukugharimu hedi. Rejeta ya HiAce imekaa chini na mbele, kwa hiyo udongo mwekundu wa barabara za vijijini hujaza mapezi yake. Ioshwe kwa maji yanayotoka upande wa ndani kwenda nje, maana ukiipiga maji kutoka mbele unaukandamiza udongo ndani zaidi.

Pampu ya dizeli nayo iliyotoka pwani au nje huwa imepangwa kutoa mafuta ya kutosha hewa nzito. Ikiletwa Kitulo bila kurekebishwa inatoa dizeli nyingi kuliko hewa iliyopo, gari linafuka moshi mweusi, linakula mafuta na, kibaya zaidi, linazidisha joto la kutolea moshi. Baadhi ya pampu za Toyota zina kifaa cha kufidia mwinuko, nyingi hazina. Tuliipeleka kwa fundi wa pampu mwenye mashine ya kupimia, tukamweleza gari litaishi wapi, akapunguza kidogo na kupima nozeli zote nne. Mtu atapoteza pumzi kidogo akishuka Kyela au Dar es Salaam. Kwa gari ambalo maisha yake ni milimani, biashara hiyo ni nzuri.

Matokeo barabarani ni haya. Njia ninayoiheshimu kuliko zote ni ile ya kutoka Chimala, pembeni mwa uwanda wa Usangu, kupanda hadi Matamba kwa kona zinazoipa jina lake, Hamsini na Saba, na kutoka hapo kuendelea Kitulo, hifadhi ya maua iliyoanzishwa mwaka 2005. Kwa 5L gari linapanda kona hizo kwa gia ya pili, na zile zilizobana zaidi kwa ya kwanza, bila mshale wa joto kuvuka katikati. Linapanda polepole. Anayetaka kuyapita magari mengine kwenye mlima huu hataridhika, wala mimi simwahidi. Moshi ni wa kijivu hafifu tu mahali penye mwinuko mkali. Kwenye kuteremka, gia ileile ya pili inalishika gari vizuri kiasi kwamba breki zinaguswa kabla ya kona na kuachwa, na sikusikia harufu ya breki hata tulipofika chini. Kwenye lami ya barabara kuu kati ya Makambako na Mbeya linatembea kilomita 80 kwa saa kwa utulivu; ukilisukuma kwenda 100 linapiga kelele na mazungumzo ndani yanakuwa ya kupaziana sauti. Kelele ni kasoro halisi. Tumepunguza kwa kubandika zulia zito na karatasi ya kuzuia joto chini ya viti vya mbele, na mke wangu, ambaye ndiye hukaa juu ya injini safari nzima, anasema joto limepungua kuliko kelele. Kitonga bado ni mahali pa subira, hasa ukikwama nyuma ya foleni ya malori na hewa haipiti kwenye rejeta. Hapo huwa naacha nafasi kubwa mbele yangu, ili gari litembee taratibu bila kusimama badala ya kusimama na kuanza upya katikati ya mlima.

Oili ya injini niliibadilisha mapema baada ya kilomita za mwanzo, kisha nikarudi kwenye kilomita 5,000. Kati ya mabadiliko hayo kijiti cha oili hakishuki kwa kiasi cha kunifanya niongeze, jambo ambalo kwa 3L ya zamani lilikuwa ndoto.

Mwisho ni makaratasi, na hapa ndipo namba ya injini inaporudi. Kadi ya gari ya Tanzania imeandikwa namba ya chesisi na namba ya injini, na ukishabadilisha injini kadi yako haielezi tena gari lako. Omba risiti ya EFD yenye aina na namba ya injini iliyoandikwa waziwazi, pamoja na nyaraka za forodha ikiwa imeingizwa kutoka nje, kisha upeleke mabadiliko hayo TRA ili kumbukumbu zirekebishwe, na uwe tayari gari kukaguliwa na polisi wa usalama barabarani. Fanya hivyo kabla ya safari ya kwanza ndefu na kabla ya kukata bima upya. Injini isiyo na risiti, au yenye namba iliyosagwa, haiwezi kupita hatua hizi, na muuzaji anayekuambia kwamba hakuna mtu anayeangalia namba hizo hatakuwepo siku utakayotaka kuliuza gari au kudai fidia ya ajali.